Treni ya Serikali

Miaka saba nilifundisha darasa la kwanza hapa Baraka bila serikali kujua kama niko duniani. Mwalimu kama mimi tunamwita asiyemekanizwa: anafundisha, anapiga kengele, anasahihisha madaftari, ila jina lake halijaingia kwenye orodha ya Kinshasa, basi mshahara wake ni kusubiri. Zamani wazazi walituchangia kidogo. Serikali ilipotangaza kwamba shule ni bure, hata hicho kidogo kikakatika. Nilikula mihogo ya shamba la mama na ndagala, dagaa wa ziwani, alizouza sokoni. Nikilalamika, direkta wetu, mkuu wa shule, mzee mpole kupita kiasi, aliniambia subira yavuta heri. Heri yenyewe sijui ilipitia barabara gani. Labda ile ya Lulimba wakati wa mvua, ikakwama huko.

Mwaka huo wa saba tukaambiwa orodha mpya iko njiani na jina langu limo. Niliamini, jamani. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu mzima anayeomba sabuni kwa mama yake.

Asubuhi moja redio ikasema serikali inatumia pesa nyingi kuliko inazoingiza, kwa hiyo itapunguza "treni ya maisha" yake. Mtangazaji alikuwa akitafsiri Kifaransa neno kwa neno. Wakubwa wakisema "train de vie" wanamaanisha namna wanavyoishi kwa pesa ya serikali: magari, safari, walinzi. Mama alikuwa akigeuza ndagala juani, akasikia treni tu.

"Treni gani hiyo? Batapunguza namna gani kitu yenye hatujaona?"

Nilicheka mpaka machozi, na mdomo wangu huu haujui kufungwa: nikaenda kusimulia darasani. Watoto wangu hawakucheka. Walitaka kujua treni ni nini. Nikachora ubaoni: gari moja mbele, mengine yamefuata nyuma yake mkia kwa mkia, na walio ndani hawakanyagi matope. Nikawaambia ziko Kalemie, na ng'ambo ya ziwa kule Kigoma. Somo hilo walilishika kuliko herufi zote nilizowahi kuwafundisha.

Haukupita mwezi, ikaja barua. Orodha mpya imesimamishwa kwa sababu bajeti ina upungufu, nasi tusiomekanizwa tunaombwa kuvumilia kwa kuipenda nchi. Nilisoma mara mbili, nikaona giza. Kumbe treni ya kupunguzwa ilikuwa mimi! Nilimrudishia direkta chaki zake mezani. Akanisihi ningoje kidogo, maana ujumbe wa wakubwa ulikuwa njiani kuja kutueleza hali ya nchi, naye angewaonyesha darasa langu. Huenda mmoja wao angenikumbuka. Nikazichukua tena zile chaki, mjinga mimi, nikaenda kufua kitenge changu kizuri.

Walifika siku ya soko. Nilikuwa nimepanga watoto kando ya barabara na wimbo wa kupokea wageni. Jeep ya kwanza ikakata kona, taa zinawaka mchana kweupe. Ya pili ikafuata, ya tatu, ya nne, na vumbi lote likatuangukia sisi. Wimbo ukafa. Katoto kamoja ka mbele kakazinyooshea kidole.

"Madame, treni!"

Basi darasa zima likaruka kwa furaha, treni ya serikali, treni ya serikali, na bamama wa sokoni wakaacha biashara wakashika mbavu. Mama yangu alikuwa miongoni mwao.

Mkubwa wa msafara aliposhuka hakucheka. Alitusomea karatasi kwamba nchi iko na shida na kila mtu ajifunge mkanda, na wake mwenyewe ulikuwa umebanwa na tumbo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Alipomaliza aliuliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyewafundisha watoto neno lile.

Direkta akaangalia viatu vyake.

"Ni mi," nikasema.

Mkubwa akamnong'oneza katibu wake. Katibu akafungua daftari, akaniuliza jina langu, la baba, na darasa ninalofundisha. Nikamtajia polepole, herufi kwa herufi, asije akakosea. Miaka saba nilingoja serikali iandike jina langu, na siku hiyo iliandika.