Maziwa ya Asubuhi Aliyofariki Dada

Mdogo mtu alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe wa tatu wa dada yake, shemeji yake alipotokea mlangoni mwa zizi, simu mkononi.

"Shemeji, dada yako ametutoka."

Mikono yake ikaanza kukamua kana kwamba haikusikia. Alimimina maziwa kwenye keni. Mama muuza mtindi akafika, akalia naye kidogo, akaondoka na keni kama kila siku.

Ni alipoingia ndani kujifunga kanga ya msiba ndipo moyo ulipomlipuka. Ng'ombe wa tatu! Hakumwosha chuchu. Wala hakukamua kwanza kwenye kikombe cheusi.

Marehemu hakuwahi kuruka hilo. Alikamua ng'ombe tangu usichana wake: maji ya uvuguvugu, kila mnyama na kitambaa chake, ndoo zimesuguliwa zikaanikwa juani. Yale ya kwanza aliyapokea kwenye kikombe cheusi. Akiona vibonge, alijua kiwele kinaumwa, na maziwa ya mnyama huyo yote yakamwagwa.

"Ng'ombe wako wanaoga kuliko mumeo!" majirani walimtania.

"Mume wangu hakamuliwi," naye alijibu.

Na kiwele cha yule wa tatu tangu jana kilikuwa cha moto. Muuza mtindi hachemshi; hugandisha maziwa mabichi, na wateja wake ni watoto wa shule.

"Unakwenda wapi?" shangazi alimdaka langoni. "Mwili unaletwa, tumwoshe dada yako."

"Nisubirini, shangazi."

"Maiti hamngoji mtu, mwanangu!"

Alikimbia akiomba: Ee Mungu, jina la dada yangu lisizikwe pamoja na ugonjwa wa mtoto wa mtu.

Alimkuta muuza mtindi ameinamia pipa, mwiko mkononi.

"Yako wapi maziwa yangu?"

"Humu. Nimeshayachanganya na ya wenzako."

"Yamwage."

"Pipa zima? Kaa unywe maji, mdogo wangu, msiba umekuchanganya. Una hakika ni mabaya?"

"Sina hakika. Ndiyo maana nakuomba uyamwage."

Mama yule alimtazama, akatazama pipa, akasonya. "Dada yako naye! Kafa na bado ananisumbua." Alicheka, kicheko kikageuka kilio, na wawili hao wakainamisha pipa pamoja. Mtaro ukawa mweupe.

Aliporudi, mwili ulikuwa umeshaoshwa na jeneza limefungwa. Shangazi alikataa kumtazama. Shemeji alisema tu, "Tumekungoja tulivyoweza." Hakuuona uso wa dada yake.

Makaburini alisimama nyuma ya shangazi. Kiongozi wa sala aliomba kwa ufupi kwa sababu ya jua. Jeneza lilishushwa kwa kamba, shemeji akatupa udongo, kisha shangazi, kisha yeye. Wanaume walifukia. Watu wote wakasema amina, wakaanza kuondoka wawili wawili.