Jina Nililolizika Kishanda

Mnaotaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana yaliyonikuta Kishanda sikuyatunga. Na hasira ninayo hadi leo.

Mimi ni mwigizaji, kwangu ni Bakoba, mjini Bukoba. Tulikwenda huko Kishanda, wilayani Muleba, kurekodi filamu, nami nikapewa nafasi ya mama aliyefiwa na binti. Kaburi likachimbwa kwenye kibanja, katikati ya migomba, kama tunavyozika kwetu. Mwenye shamba akatuonya: kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, zikeni hata mgomba. Mwongozaji akamcheka.

Siku hiyo sikuwa nimetulia. Nikianza kulia, akili inakimbilia kamera, mara jua linanichoma. Mwongozaji akanifokea mbele za watu, "Mwili upo, wewe hupo! Mtaje binti yako wa kweli, utalia tu."

Nikamtaja. Koku wangu, aliyekuwa shuleni Bukoba muda huo, mzima wa afya. Niaminini, nililia. Kamera sikuiona tena, nilikuwa mama mfiwa kabisa.

Ndipo bibi mmoja akatoka kwenye waombolezaji. Kila mtu alidhani kaletwa na mwenzake. Akashuka kaburini taratibu, akakaa, akanyoosha miguu, akatandaza kanga mapajani kama anayesubiri kupakata mtoto.

"Nimemsikia Koku, waitu," akaniambia kwa upole wa Kihaya. "Mlete basi."

Nikamgeukia mwongozaji. Mnadhani alisema nini? "Endelea! Usitoke kwenye tukio! Bibi anaigiza kuliko wewe!" Mshenzi yule!

Nikatoka. Nikachukua panga la mwenye shamba, nikakata mgomba, nikaulaza mapajani mwa yule bibi. "Koku ndiye huyu," nikamwambia. Akaukumbatia, akalala nao. Mwenye shamba akatupa udongo wa kwanza, ukakuta mgomba peke yake, bibi hayupo. Tukafukia huku mwongozaji akinitukana kwa kumharibia kazi.

Mwanangu ni mzima. Ila jina limezikwa, kwa hiyo sasa tunamwita Asimwe. Juzi mama yangu alijisahau, akaita, "Koku!" Mtoto alikuwa miguuni pangu. Kutoka migombani nyuma ya nyumba sauti ya kitoto ikaitika, "Abee!"

Na yule bwana bado ananipigia simu, eti turudie lile tukio. Alaaniwe!

Nawe unayeigiza, zama kwenye tukio utakavyo, lakini mwanao muache nje. Wangu kila akienda kulala ananiuliza kwa nini nilimnyang'anya jina lake.