Watoto wa Kaka Yangu Walivyokua Haraka

Kaka yangu alipokaa miezi mingi bila mshahara kwenye kiwanda cha shaba, alimchukua mkewe wakaenda Kapolowe kulima mahindi. Wanawe wawili, mmoja wa miaka kumi na miwili, mwingine wa minane, aliniachia mimi Likasi ili wasikose shule. Kwao nilikuwa tantine, shangazi yao. Sikuwa na mume wala mtoto. Nilikuwa mwalimu wa ushonaji, na moyoni nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Furaha ile haikunizuia kukasirika. Nilikasirikia bomba lililokauka, sabuni iliyokosekana sokoni, na zaidi ya yote suruali za shule. Nilishusha pindo, nikashusha tena, mpaka hapakubaki kitambaa cha kushusha. Asubuhi moja mdogo alitoka chumbani suruali yake imepasuka nyuma, nami nikafoka kwamba wanakua haraka mno:

"Munakomea mbio sana! Minye nitapata wapi kitambaa?"

Wiki ile akaanza kuacha bukari, ugali wetu. Alikula matonge mawili, akasukuma sahani, akasema ameshiba. Nilimfokea kwa hilo pia, maana unga nilikuwa nimeupata kwa shida. Siku ya nne nikamgusa shingo. Hakuwa na homa. Nikampeleka zahanati, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka mchana. Muuguzi alimtazama macho na ulimi, akaniambia, "Mutoto hana ugonjwa, mama. Iko na njaa." Niliona aibu mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni.

Nyumbani nikamuuliza mkubwa, "Mudogo yako iko na nini?"

Aliangalia chini. "Tantine, anakatala kula juu weye ulisema tunakomea mbio. Anasema akikula kidogo, suruali itamutosha."

Nilisonga bukari, nikakaanga samaki wa ziwa la Tshangalele niliowaweka kwa ajili ya Jumapili, nikaketi mbele ya mdogo.

"Kula," nikamwambia. "Komea tu."

"Na suruali?"

"Suruali ni kazi yangu, hapana yako."

Alinitazama kwanza, kama mtu anayepima neno, ndipo akanawa mikono. Alikula mpaka akalamba vidole.

Nilikuwa na sketi moja tu ya bluu ya kufundishia. Niliikata siku ile ile, nikamshonea mdogo suruali. Aliivaa suruali yake mpya siku tatu, kisha sisi walimu tukagoma, nasi tulikuwa na haki, na shule zikafungwa. Zilipofunguliwa, miezi ilikuwa imepita na suruali ilikuwa imepanda juu ya vifundo vya miguu. Nilichukia serikali, nikachukia mgomo wetu, nikachukia mkasi wangu.

Asubuhi ya kurudi shule mdogo alisimama kando yangu, akapima kichwa chake kwa bega langu, akacheka. "Tantine, unakuwa mufupi!"

Nikamfokea aende, atachelewa. Kisha nikabaki mlangoni nimejifunga liputa langu, kitenge cha nyumbani, kwa kuwa sketi sikuwa nayo tena, nikawatazama mpaka wakakata kona. Kazini nilichelewa mimi.