Watatu kwa Kila Picha

Dada yangu alizaliwa na macho ya kukera watu. Ukiiba sukari jikoni, yeye ndiye anayeona punje moja iliyoganda shavuni mwako, na hasemi mpaka Mama awe karibu. Nilimkasirikia kwa hilo miaka mingi, kwa hiyo msitegemee nimpambe sana hapa. Lakini macho hayo hayo ndiyo yaliyomwingiza kwenye kazi ya picha, na mimi nikaingia kwa mgongo wake.

Alipoanza, kampuni ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro: kompyuta kumi na mbili, na feni moja iliyomgeukia msimamizi tu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Watu wa nchi za mbali walikuwa wanafundisha mashine zao kuona, na mashine haijui kitu mpaka mtu aionyeshe. Inakuja picha ya barabara, unachora kisanduku kuzunguka gari, unaandika gari. Unachora kingine kuzunguka mbwa, unaandika mbwa. Baba aliposimuliwa aliweka kikombe chini akauliza, "Yaani kwao hakuna hata mmoja anayemjua mbwa?"

Miaka sita baadaye chumba kile kilikuwa jengo la ghorofa nane, vioo vitupu. Wakubwa wa serikali walikuja kukata utepe, magazeti yakaandika kwamba sasa na sisi tumo duniani. Mabasi ya kampuni yalipita kuokota vijana mtaa kwa mtaa, na mwenye kadi shingoni alisalimiwa hata na wasiomjua. Katika ukumbi wetu wa watu mia mbili, Dada alikuwa wa tatu kwa usahihi. Walimwita Jicho. Nyumbani Jicho huyo huyo alikuwa haoni kwamba chumvi imekwisha, lakini hayo tuyaache.

Utaratibu wa kazi inabidi niueleze, kwa sababu ndio uliotufikisha hapa. Kila picha ilikwenda kwa watu watatu waliokaa mbalimbali, na hakuna aliyejua wenzake ni nani. Wawili wakikubaliana, hilo ndilo jibu. Wa tatu aliyesema tofauti anaandikiwa kwamba amebaki peke yake. Ukibaki peke yako mara tatu ndani ya mwezi, unarudisha kadi na kazi imekwisha. Nani alikuwa ameona sawasawa, hilo halikuwa swali la mtu.

Sasa, binadamu si mjinga. Baada ya wiki chache unaacha kujiuliza kuna nini kwenye picha, unaanza kujiuliza wale wawili watasema nini. Dada alinifundisha siku yangu ya kwanza, tukiwa kwenye foleni ya chai. "Mdogo wangu, usiangalie kwa macho yako. Angalia kwa macho ya mtu aliyechoka." Niliona kanipa siri kubwa. Tulipewa sekunde saba kwa picha, na kwa sekunde saba ushauri ule ulifanya kazi vizuri mno.

Wakati huo Baba alikuwa ameanza kupotea. Alikuwa fundi saa maisha yake yote, wa zile saa za ukutani zinazotiwa ufunguo, na nyumba kubwa za kilimani zilikuwa zikimwita kila mara. Saa hizo hazipo tena na wenye nyumba wengi walishakufa, ila yeye kichwani mwake bado anaitwa. Asubuhi anavaa kofia, anabeba mkoba wa vifaa, anapanda kilima. Mama alishatutoka, na mama jirani aliyekuwa akimwangalia alichoka kumkimbilia. Tulimfungia mlango, akalia kama mtoto, tukafungua. Kila jioni tuliporudi, macho ya Dada yalikwenda kwanza kwenye msumari wa kofia. Kofia ikiwepo, ndipo alipovua viatu. Hatukuwa na hofu nyingine kubwa kuliko hiyo, kwamba siku moja atatoka na hatarudi.

Jumatatu moja picha zikabadilika. Tulizoea barabara zenye theluji na nyumba za matofali mekundu. Siku hiyo lilikuja jua tunalolijua. Mmoja akacheka, "Hilo si duka la viatu la pale mzunguko?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko na watu wakaanza kutafuta mitaa yao. Msimamizi alipita katikati ya meza akisema neno moja tu, "Kazi," na kicheko kikafa. Karatasi ya maelekezo iliyogawiwa ilisema ni picha za kamera za mageti, mteja ni kampuni ya ulinzi. Kila mtu apewe jina moja kati ya manne: mkazi, mfanyakazi, mgeni, mtu wa kushuku. Wa kushuku ni yule anayesimama zaidi ya dakika tatu bila kubonyeza kengele, na anayegeuza uso asionekane. Hakuna aliyetuambia jina hilo likishaandikwa linakwenda wapi. Na sisi hatukuuliza, tulikuwa na sekunde saba.

Alhamisi ya wiki ya pili, Dada akiwa ameshabaki peke yake mara mbili mwezi huo, Baba alimjia kwenye kioo cha kompyuta.

Alinisimulia baadaye. Picha nne za mtu mmoja, zenye saa na dakika zimeandikwa pembeni, mbele ya geti jeusi, paka amelala juu ya ukuta. Kofia. Mkoba. Dakika ya kwanza mdomo wa Baba uko wazi, anapiga hodi kama alivyofanya siku zote, kwa mdomo, kwa sababu kubonyeza kengele ya mtu aliona ni kumwamrisha. Kamera haisikii hodi. Dakika ya pili amesogea pembeni na kugeuza mgongo, maana mtu mwenye adabu hachungulii mlango wa watu. Dakika ya nne bado yuko hivyo hivyo, anasubiri. Dada alijua kila kitu kilichokuwa kwenye ile picha. Alijua hata kofia ina tundu upande gani. Akafikiria wale wawili, watu waliochoka, wenye karatasi ya maelekezo mbele yao. Akabonyeza mtu wa kushuku.

Baba alirudi salama siku ile, na Jumamosi alipanda tena.

Mchana walinzi wawili walimleta kwa gari lenye taa, kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Walikuwa wamemlaza kifudifudi kwenye kokoto. Kijana mmoja wao hakuwa na ubaya, alituamkia vizuri kabisa. "Samahani, dada zangu. Mashine imemtambua toka kona ya chini, sura yake imeandikwa wa kushuku tangu juzi. Ikisema mtu ni wa kushuku, mageti yote yanapiga kelele, na sisi lazima tumlaze."

"Ni mzee," nikasema. "Hamkuona ni mzee?"

"Tumeona," akajibu. "Lakini tunafuata mashine."

Baba alikaa kwenye kiti chake akiutazama ule mkono. Toka siku hiyo hazungumzi ila kuomba maji.

Jumapili Dada aliniita jikoni akafunga mlango. Akaniambia yote, geti jeusi, paka, dakika nne. Alilia mpaka akashika sinki. "Ningesema mgeni, ningebaki peke yangu, na jibu lingekuwa lile lile. Wale wawili wangesema wa kushuku tu. Si wangesema tu?"

"Wangesema tu," nikamwambia, na nikampangusa machozi kwa khanga yangu.

Naandika haya kwa sababu nimeshindwa kuyatamka. Picha ile ilikuja na kwangu. Alhamisi ile ile, paka yule yule. Mimi mwezi huo sikuwa nimebaki peke yangu hata mara moja, sikuwa na cha kupoteza, na nilimtambua Baba kabla sijaiona kofia, kwa namna alivyoinamisha bega la mkoba. Mkono ulishazoea. Nikawafikiria wale wawili nikabonyeza, ikaja picha ya muuza maziwa. Najichukia kwa hilo, na chuki hiyo haimsaidii Baba kushika kijiko.

Jumatatu tulikwenda kazini, kwa sababu ndivyo watu wafanyavyo. Njiani tuliona mafundi juu ya ngazi wanafunga kamera mtaani kwetu, geti hadi geti, wakielekea upande wa nyumbani. Dada alitazama chini mpaka basi letu likawapita.

Saa ya chai nilimkuta chini, kwenye dawati la mapokezi, mzee mmoja wa ghorofa yetu tuliyemwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha shule kabla ya kuja huku. Alikuwa anarudisha kadi.

"Wamekutoa, Mwalimu?"

"Nimebaki peke yangu mara ya tatu." Alikuwa anasaini taratibu, kwa mwandiko mzuri. "Kuna mzee alikuwa na mkoba, amesimama getini. Mdomo unaonekana kabisa anapiga hodi. Kisha akajitenga pembeni, kama mtu aliyelelewa. Nikaandika mgeni. Wenzangu wawili sijui waliona nini."

Nikashika ukingo wa dawati. Mmoja wetu angetosha. Mimi au Dada, yeyote, pamoja na huyu tusiyemjua vizuri, tungekuwa wawili.

"Wewe si unakaa chini ya kilima kile?" akaniuliza. "Hujasikia kama yule mzee alifunguliwa geti?"

"Sijasikia, Mwalimu."

Akanipa mkono, akaniombea heri, akatoka. Nilipanda juu. Zilikuwa zimebaki dakika mbili za chai na Dada alikuwa ameshakaa mbele ya kioo, macho yamevimba. Akaniuliza Mwalimu alikuwa ananieleza nini muda wote ule.

Nikamwambia alikuwa ananiaga tu.