Siku Umma Ulipofika Peke Yake

Kwa mujibu wa sheria ndogo za mji wetu, hadi mwaka jana kazi halali zilikuwa themanini na nne. Zimeorodheshwa kwenye jedwali mwisho wa kitabu, kila moja na namba yake, na aliyeziorodhesha alikuwa mtu wa ndoto kubwa. Namba kumi na saba ni mpigilia kwato za farasi, katika mji ambao farasi pekee ni yule aliyechorwa kwenye mlango wa duka la rangi. Namba hamsini na mbili ni mwongoza wageni mapangoni. Pango letu kubwa ni lile shimo la barabara ya sokoni, na wageni huingia humo bila kuongozwa na mtu. Fundi miavuli hakuwemo.

Na huyu ninayemsimulia ni fundi miavuli. Wakati wa mkasa huu alikuwa na miaka hamsini na mitatu, ni mfupi, vidole vimejaa makovu ya waya, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuzungumza na wapita njia wenye haraka. Kazi alifundishwa na mjomba wake, aliyeamini kwamba hakuna kitu kilichovunjika, kuna watu wavivu tu. Kwa miaka kumi na tisa alikaa chini ya ngazi za jengo moja la ghorofa mbili, koleo mkononi, sindano mdomoni, akirudisha roho kwenye miavuli, zipu za mabegi na vipini vya masanduku. Mume wake, mpaka rangi, husema kwamba huyu ndiye binadamu pekee mjini anayefurahi mbingu zikinuna.

Mwaka jana jengo likauzwa. Mwenye nyumba mpya akasema ngazi zile anazihitaji kwa kupandia, si kwa kukaliwa chini, akampa fundi mpaka mwisho wa mwezi. Wakati huohuo baraza la mji lilikuwa linamalizia soko jipya: vibanda vya matofali, mlango wa chuma, kufuli, taa. Fundi alikwenda kuvichungulia jioni moja, akarudi nyumbani hana hamu ya chakula, kama mtu aliyependa. Kesho yake akavaa gauni lake la kuendea harusi za watu, akaenda kwenye dirisha la leseni.

Karani wa leseni ni mtu mpole aliyevaa tai inayomkaba. Akamwuliza namba ya kazi yake. Fundi akasema namba hana, ana koleo. Karani akashusha kidole kwenye jedwali toka juu hadi chini, akakipandisha tena, kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. Kisha akaeleza kwa huruma kwamba bila namba hakuna leseni, na bila leseni hakuna mkataba wa kibanda.

"Kwa hiyo mimi sipo," fundi akasema.

"Upo, mama. Ila kisheria bado."

Kwa wema wake karani akamwonyesha njia ya mkato. Namba thelathini na moja, fundi saa, haikuwa na mtu. Saa ina vyuma vidogo, mwavuli una vyuma vidogo, undugu haukosekani. Wifi yake fundi, dada wa mume, anayeuza madaftari hatua tatu kutoka zile ngazi na mwenye leseni safi ya namba kumi na mbili na kibanda kinachomsubiri soko jipya, akamshauri achukue bila kupepesa macho. Kwa maoni ya wifi, serikali haijawahi kumjua mtu kwa kazi yake halisi tangu iundwe.

Basi mwenzetu akawa fundi saa. Aliishi katika wadhifa huo siku nne. Siku ya nne alikuja mkaguzi wa leseni mwenyewe, wala hakuja kukagua, alileta saa ya marehemu baba yake iliyokuwa imesimama. Fundi akaifungua kwa adabu zote. Ndani akakuta mambo ambayo mjomba hakuwahi kumwambia. Kidude kimoja kikaruka, kikaingia uvunguni mwa ngazi, na vingine vikakifuata kama wanafunzi waliosikia kengele ya mapumziko. Yeye na mkaguzi walitambaa kwa magoti wakivitafuta mpaka adhuhuri. Wifi alisaidia kwa kucheka. Mkaguzi akaondoka na robo tatu ya saa ya baba yake ndani ya bahasha, na leseni ya fundi kwenye mfuko wa shati.

"Usijali, wifi," wifi akamfariji. "Ilikuja imesimama, umeilaza. Hayo nayo ni maendeleo."

Zilibaki siku tisa mwezi uishe. Karani, aliyejiona naye ana sehemu katika ile aibu, akamnong'oneza siri: jedwali lilikuwa linapitiwa upya, na kazi mpya ingeweza kuongezwa, ila sharti maoni ya wananchi yasikilizwe hadharani. Tangazo la kikao lilikuwa limebandikwa humohumo ofisini, nyuma ya mlango. Ofisi ikifunguliwa, mlango unalifunika. Ofisi ikifungwa, hakuna anayeingia. Fundi akaomba mlango usogezwe, akasoma: Alhamisi, saa tatu asubuhi, ukumbi wa mji, wananchi wote mnakaribishwa. Karani akakiri kwamba katika miaka saba ya utumishi wake hajawahi kuona mwananchi hata mmoja akikaribia.

Alhamisi hiyo viti mia mbili vya ukumbi vilikuwa vimepandanishwa kando ya ukuta, kama kawaida. Mezani walikaa watatu: mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye sauti ya kuzindulia visima, katibu wake, na mwanasheria wa baraza, mwanamke kijana aliyehamia mwezi ule, ambaye bado alikuwa anasoma kila karatasi kabla ya kuitia sahihi. Mbele yao palikuwa na chai na muhtasari wa kikao, uliokwisha kupigwa chapa tangu jana. Ulieleza kwamba wananchi walihudhuria kwa wingi, wakajadili kwa kina, wakaridhia kwa kauli moja. Ilikuwa imebaki chai tu.

Fundi akaingia, akasalimu, akashusha kiti kimoja, akakiweka katikati ya sakafu ile pana, akaketi.

Mwenyekiti akadhani amekuja kufagia. Akamwomba arudi baadaye kwa sababu kuna kikao cha wananchi.

"Ndicho nilichokijia, mheshimiwa. Mimi ndio wananchi."

"Wananchi ni wengi, mama."

"Wengine wako kazini. Wamebahatika kuwa na namba."

Mwenyekiti akamgeukia mwanasheria kwa macho ya kuomba uokozi. Mwanasheria akafungua kitabu, akasoma, akafunga. Sheria haikutaja idadi. Umma ni yeyote atakayefika. Mwenyekiti akakumbuka kwamba kikao kinaweza kuahirishwa endapo wananchi wamegawanyika, na kweli kifungu kilikuwepo. Kwa hiyo mwanasheria, bila hata kutabasamu, akamwuliza fundi kama amegawanyika. Fundi akatafakari. Akajibu kwamba goti la kulia lilitoa maoni tofauti wakati wa kupanda ngazi za ukumbi, ila sasa wamepatana wote.

Katibu ndiye aliyetaabika kuliko wote. Alifuta "kwa wingi", akaandika kwa kalamu pembeni: umma ulifika saa tatu na dakika tano, ukashusha kiti wenyewe.

Hoja ikatolewa. Mwenyekiti akaipinga kwa mapana. Kwake yeye kutengeneza mwavuli hakukuwa kazi, ni ubishi wa mtu aliyekataa kununua mpya. Leo mkimpa namba fundi miavuli, kesho atakuja anayepiga miluzi naye atake yake, na kitabu cha sheria kitakuwa daftari la watoro.

Hapo fundi akaacha utani. Akaeleza kwamba chini ya ngazi hakuna mlango, kwa hiyo kila kazi anayoipokea sharti jioni aibebe mpaka nyumbani na asubuhi airudishe. Anaweza kubeba miavuli ishirini na miwili na masanduku mawili. Mwenye wa ishirini na tatu humrudisha, mvua inyeshe isinyeshe. Ndiyo kusema kwa miaka kumi na tisa biashara yake imekuwa na ukubwa wa mgongo wake, na mgongo wa mtu wa miaka hamsini na mitatu haukui. Msaidizi hawezi kumwajiri, atamkalisha wapi. Mkopo aliwahi kuuomba, akaulizwa anwani ya biashara, akataja ngazi.

"Mheshimiwa, sikuja kuomba hela," akasema. "Naomba mstari mmoja kwenye karatasi yenu. Yaliyobaki nitajifanyia mwenyewe."

Mwenyekiti akanywa chai iliyokwisha kupoa. Kisha uso ukamchanua: hoja ya mwananchi, akasema, lazima iungwe mkono na mwananchi wa pili kabla ya saa sita, la sivyo imekufa. Akamtazama mwanasheria akitumaini, na safari hii mwanasheria alikubali, kwa kusikitika. Saa ilikuwa tano unusu.

Fundi akatoka mbio, kwa kadiri goti lilivyoruhusu, kumfuata mtu pekee anayemjua ambaye angeacha biashara kwa ajili ya ubishi. Wifi alikuwa katikati ya kuuza. Akajibu kwamba atakuja akimaliza, maana mteja ni mteja na wifi yupo siku zote. Fundi akarudi ukumbini, akakaa, akaitazama saa ya ukutani.

Saa sita kasoro dakika nne mlango ukasukumwa. Wifi akaingia na shehena yote ya madaftari kichwani, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Akaitua juu ya meza ya kamati, kati ya vikombe. Akaulizwa kama anaunga mkono. Akataka kujua kwanza hii habari ya hoja imeanza lini, na je, ni kweli kila asemacho mtu humu kinaandikwa. Alipoambiwa ni kweli, tena ni sheria, macho yakamng'aa.

"Naunga mkono," akasema. "Na mimi nina zangu."

Ya kwanza: fundi miavuli asipewe kibanda jirani na muuza madaftari, kwa sababu ya mdomo. Katibu akaandika. Mwanasheria akauliza nani anaunga mkono, na ukumbi mzima, yaani fundi, ukasema hauungi. Hoja ikaanguka. Wifi akalalamika kwamba nchi hii haina haki. Ya pili: vyoo vya soko jipya vifunguliwe alfajiri watu wanapofika, siyo saa nne mshika funguo akishashiba. Fundi akaiunga kabla haijaisha. Ya tatu: matangazo yatoke nyuma ya mlango. Ikapita kwa kauli moja, kama ile ya fundi. Mwenyekiti akafunga kikao kabla umma haujanogewa zaidi.

Siku mbili kabla mwezi haujaisha, jedwali jipya likatoka. Namba themanini na tano, fundi miavuli, mabegi na masanduku. Karani akaandika leseni kwa mwandiko wake wa sikukuu. Fundi akamwomba aisome kwa sauti, kisha airudie kwa ajili ya walio nyuma ya foleni.

Siku ya kwanza kibandani alipokea miavuli arobaini na mmoja, akaining'iniza darini kama popo. Alasiri akafika mwalimu mkuu wa shule ya msingi na mkokoteni wa mabegi ya wanafunzi, mia moja na sita, zipu zote zimegoma. Mwalimu akaomba radhi mapema, akauliza alete kumi kumi au ngapi ngapi, maana kila fundi humwambia hana pa kuyaweka. Fundi akatazama mkokoteni. Akatazama sakafu yake, kisha komeo.

"Shusha yote, mwalimu."

Yalipofika usawa wa dirisha, akatoa kichwa nje na kumwita wifi wa kibanda cha jirani, amwulize kama anafahamu watu wawili wanaojua kushona na hawana pa kushonea. Wifi akasema anawafahamu hata sita, ila mshahara wao atalipa nani.

"Mimi," fundi akasema, na neno lenyewe likamchekesha mpaka akalazimika kukaa juu ya mabegi.