Shikamoo ya Leo

Felista wa kijiji cha Mkiwa hakuwa mtu wa kusahau. Mwaka ambao mumewe Bonaventura alioa mke wa pili, Jenipher, nyumba kubwa ya bati ilipewa bibi harusi. Felista, ambaye ndiye aliyechota maji ya kufyatulia matofali ya nyumba hiyo, alihamishiwa kibanda cha uani.

"Ni kwa muda tu, Mama Witness," Bonaventura alimwambia.

Muda huo ulikuwa bado haujaisha siku binti yao Witness alipomaliza sekondari, akapata ufadhili wa misheni na kupanda ndege kwenda chuo kikuu Marekani. Bonaventura hakuwa amechangia hata daftari. Alikuwa akisema msichana akisoma sana anakauka kama kuni, haolewi. Aliyemsomesha ni Felista, kwa kuchoma kuku pale njia panda na kuwauzia abiria wa mabasi, moshi ukimtoa machozi ambayo kwa kweli hayakuwa ya moshi peke yake. Lakini siku ndege iliporuka, aliyesimama kilabuni na kutangaza, "Nimesomesha!" alikuwa Bonaventura, tena kwa pombe ya kukopa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Manyoni yamejaa vitu vya nje. Bonaventura akauza ng'ombe, akanunua radio kaseti ya spika mbili na kuifunika kitambaa kama maiti. Radio ile ilikuwa na tabia moja: kila Felista alipotaka kusikiliza kitu, betri zilikuwa zimekwisha. Kwa hiyo siku sista wa misheni alipomletea kaseti kutoka kwa Witness, Felista alipita dukani kwanza, akanunua betri zake mwenyewe, ndipo akaingia nyumba kubwa.

"Shikamoo mama," kaseti ikasema. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," Felista akaitikia kwa sauti.

"Hakusikii huyo," Bonaventura akacheka. "Hiyo ni mashine."

"Wewe hujaitikia. Ndiyo maana huna baraka."

Witness akaendelea. Chuo chake kilikuwa cha wazungu, na weusi humo walikuwa wachache kama chuya kwenye mchele uliopetwa. Darasani alikuwa mweusi peke yake, na mwalimu akitaja Afrika wote walimgeukia, kana kwamba ameizaa yeye. Mwanzoni alikuwa akijifungia chooni kulia. Halafu akaonyeshwa nyumba moja nyuma ya maktaba. Wanafunzi weusi wa zamani waliidai kwa wakubwa wa chuo, wakagoma, mpaka wakapewa. Humo walikutana Wamarekani weusi, Wajamaika, Mghana mmoja na yeye. Walipika, walisukana nywele, waligombania sufuria. Sasa nyumba hiyo ilikuwa na sikukuu yake, na kila mmoja alitakiwa kuleta sauti ya mama yake wenzake wamsikie.

"Mama, nirekodie upande wa pili. Usihutubie. Ongea kama vile ndiyo kwanza nimeingia mlangoni."

"Kwa hiyo na wao wamewekwa uani," Felista akasema.

Jenipher akaanza kuchunguza kucha zake.

"Sauti ya mama maana yake ni sauti ya wazazi," Bonaventura akakata shauri. "Na mkuu wa wazazi ni nani? Nitaongea mimi."

"Ni jina langu limetajwa, Bonaventura. Umechukua nyumba, umechukua sifa. Hata koo langu unalitaka?"

"Utasalimia mwishoni, kama nafasi itabaki."

Asubuhi yake Bonaventura alivaa koti ili aongee na radio. Alihutubia kuhusu mchango wake katika elimu ya mtoto wa kike, akamalizia kwa Kiingereza alichookota alipokuwa kibarua wa reli: "Thenki yu, thenki yu sana." Akairudisha kaseti mwanzo, akajisikiliza. Akairudisha, akamwita jirani yake Paskali, wakasikiliza pamoja. Akairudisha tena mwanzo, kisha akamsindikiza Paskali hadi kilabuni, maana hotuba inakausha koo.

Jenipher, aliyekuwa ameichoka hotuba kuliko njaa, akachungulia uani.

"Dada, njoo haraka. Hayupo."

Felista akaja, akajifunga khanga vizuri, akaketi mbele ya radio. Jenipher akabonyeza kitufe cha kurekodia. Kaseti ikazunguka. Felista akaitazama tu.

"Sema, dada," Jenipher akanong'ona.

"Hajaniamkia."

"Si alikuamkia jana?"

"Ya jana nimeiitikia jana. Leo ni leo. Nimzae mimi, halafu nianze mimi kumwamkia? Kama ndiyo kwanza anaingia mlangoni, basi aingie na adabu zake."

Kaseti ikazidi kuzunguka. Kuku akaingia, akadonoa, akatoka. Ndipo Bonaventura akarudi.

"Mnamaliza kaseti! Ongea, mwanamke!"

"Nyamaza wewe, mtoto anaingia!" Felista akafoka. Kisha akageukia radio, sauti ikawa nyingine kabisa. "Marahaba, Witness. Umekula? Na hao wenzako wamekula? Usiwanyime. Uani tunakula wote."

Bonaventura akaizima kwa hasira. Kaseti ikasafiri na sista hivyo hivyo. Jenipher alijua hotuba imefutika, akauchuna.

Majibu yalikuja kwa kaseti nyingine, wakati wa kupalilia. Felista akaleta tena betri zake. Bonaventura alikuwa tayari amewaita Paskali na nusu ya kilabu waje kusikia jinsi hotuba yake ilivyopokelewa Marekani.

"Shikamoo mama," Witness akasema. "Mlipobishana kisha ukakaa kimya, wenzangu walidhani kaseti imeharibika. Nikawaambia hapana, ananisubiri. Nikasimama mbele ya watu wote, nikakuamkia, ukamnyamazisha baba, na hapo hapo ukaitikia! Mmarekani mmoja akalia. Anasema bibi yake alikuwa hivyo hivyo, ukiingia bila salamu hakuoni. Sasa hapa ni sheria: anayeingia anamwamkia kwanza anayepika. Halafu mwishoni kuna mzee anasema thenki yu, thenki yu sana. Wamedhani ni fundi aliyekuja kutengeneza radio. Baba, nisamehe, nilicheka kabla ya kuwaambia ni wewe."

Paskali akajifanya anakohoa. Jenipher akakimbilia jikoni, kicheko chake kikasikika mpaka barabarani.

Ndipo likaja kundi zima la sauti, za kike na za kiume, Kiswahili kimepinda kila upande: "Shi-ka-moo, ma-ma!"

Felista akasubiri mpaka wa mwisho amalize.

"Marahaba, wanangu."

"Irudishe," Bonaventura akasema. "Nataka kurekodi upya."

Felista akaichukua kaseti yake, akaigeuza radio, akatoa betri zake moja moja, akazifunga kwenye pindo la khanga na kwenda zake uani.