Niliwasikia Wakigombana kwa Kosa Langu, Nikanyamaza

Kosa ni langu. Naanza hapo kwa sababu kwa miaka mingi lilibebwa na mtu mwingine, nami nilimwona akilibeba nikakaa kimya.

Majina nimeyabadilisha yote, na langu nimelificha. Mtanisamehe, ujasiri wangu bado ni mdogo.

Nilikuwa mwunganishaji simu mjini Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, enzi za utawala wa jeshi. Mama wa Kigoa aliyekuwa akikalia kile kiti alikuwa ameondoka nchini Wahindi walipofukuzwa, wakaniweka mimi, msichana wa Molo ya hapo jirani niliyemaliza shule ya misheni juzi juzi. Kazi yenyewe ilikuwa kuchomeka waya kwenye ubao, kumwunganisha huyu na yule, halafu kufunga swichi yangu ya kusikilizia ili waongee wenyewe.

Nilipanga chumba kimoja mjini. Siku zile watu walikuwa wameacha kutembeleana. Hujui jirani anakula kwa nani, wala anampelekea nani maneno. Ukisalimiwa, unajibu huku unaingia ndani. Nilikuwa naweza kumaliza wiki nzima bila mtu hata mmoja kulitaja jina langu.

Sasa, palikuwa na wafanyabiashara watatu. Hajji Twaha wa Tororo alikuwa na malori. Emojong alikuwa na stoo Busia ya upande wetu, akikusanya ngozi na mtama kutoka vijiji vya Buteba na Masinya. Wandera alikuwa na duka Busia ya Kenya, ndiye mnunuzi. Zamani walikuwa wakikutana, wanakula nyama pamoja, wanapanga biashara. Vizuizi vya askari vilipozidi barabarani, wakaacha. Siku moja Hajji akaja ofisini kwetu.

"Binti yangu," akasema, "huwezi kutuunganisha watatu kwa pamoja, tukafanya mkutano wetu humo humo kwenye simu?"

Ubao wetu uliweza. Basi kila Alhamisi saa nne asubuhi naita Busia ya huku, naita Busia ya kule, namwita Hajji, nawaweka kwenye laini moja.

Swichi yangu sikuifunga.

Mwanzoni nilijiambia nahakikisha laini haikatiki. Uongo. Nilikuwa napenda kuwasikiliza tu. Walikuwa wakiulizana habari za wake na watoto kabla ya kufika kwenye ngozi. Emojong alimtania Hajji kwa lile lori lake bovu, na Hajji alicheka mpaka anakohoa. Wandera naye hakuanza mkutano bila kuniuliza, "Dada wa simu, umeamkaje leo?" Nami nilimjibu, "Vizuri, mzee," kisha nikajifanya nimetoka.

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu ya wiki. Alhamisi nilivaa gauni langu zuri, na hakuna aliyekuwa akiniona.

Alhamisi moja Hajji hakucheka.

"Wandera, Jumatano nakuja kwako na mama watoto na watoto wote. Tutavukia mpakani Malaba."

"Karibuni sana. Mtakaa siku ngapi?"

"Sina siku ya kurudi. Wameyaulizia malori yangu mara mbili, na si kwa wema."

Emojong akamkatiza. "Basi, usiseme zaidi. Tumesikia."

Nami nilikuwa nimesikia.

Pale nilipopanga alikuwa amehamia kijana mmoja mtanashati, alisema anafanya kazi katika ofisi ya serikali. Jumapili mchana alikuwa akija kwangu kunywa chai. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akikalia kiti changu cha pili. Jumapili ile nilimwona akitazama saa, nikaogopa ataondoka mapema. Nikatafuta neno la kumshika.

"Nikwambie kitu nilichosikia kazini?"

Nikamwambia. Jumatano, Malaba, watoto wote.

"Hajji yupi huyo?" aliuliza polepole.

Nikamtajia. Aliaga chai yake haijapoa, na mimi, mjinga mimi, nikabaki nawaza nimemuudhi kwa nini.

Jumatano askari walimshusha Hajji kwenye kizuizi kabla ya Malaba. Mkewe na watoto waliachwa kando ya barabara na mabunda yao, wakavuka mpaka kwa miguu hadi kwa Wandera. Hajji hakuonekana tena, si hai wala maiti. Yule kijana jirani yangu alihama wiki ile ile bila kuaga.

Kesho yake, Alhamisi saa nne, Wandera akapiga mwenyewe. Hakunisalimia.

"Nipe Emojong."

Nikawaunganisha. Safari hii pia swichi niliiacha wazi.

"Emojong, tulikuwa watatu tu," Wandera alianza.

"Najua."

"Hajji hakujisaliti mwenyewe. Mimi niko Kenya, nani angekuja kuniuliza? Amebaki nani?"

"Wandera, unanijua tangu ujana. Angalia maneno yako."

"Nakuuliza amebaki nani."

Nilimsikia Emojong akivuta pumzi. Kisha akasema taratibu, kama mtu asiyetaka kusema, "Na yule wa simu je? Labda alisikia."

"Usimsingizie mtoto wa watu! Yule binti ana adabu zake. Tafuta uongo mwingine."

Kidole changu kilikuwa juu ya swichi ya kuongelea. Nilihitaji kusema maneno manne tu: ni mimi, wazee wangu. Sikuibonyeza. Wengine watadhani niliogopa kufukuzwa kazi, au kukamatwa. Hayo pia yalikuwepo. Lakini nikisema ukweli wote, nilichoogopa zaidi ni kwamba Wandera hataniuliza tena nimeamkaje.

Wandera akakata. Emojong akabaki kwenye laini. "Halo? Wandera? Halo?" Aliita mara nyingi. Nikauchomoa ule waya.

Hawakuongea tena. Habari zikatembea Busia zote mbili kwamba Emojong amemuuza rafiki yake. Watu wakaacha kumpelekea ngozi. Wanawe wakaitwa watoto wa msaliti. Mwisho akafunga stoo, akarudi kwao Buteba kulima. Mimi nikaendelea kukaa mbele ya ubao, na Alhamisi saa nne ikawa saa kama nyingine. Mwanamume aliyetaka kunioa nilimkataa. Nitamwambia nini mume akiniuliza kwa nini silali?

Serikali ile iliondoka. Hata hapo ilinichukua miaka kwenda Buteba. Nilimkuta Emojong anapalilia karanga, mvi zimemjaa. Nilipomsalimia alisimama wima.

"Sauti hii naijua. Wewe ni dada wa simu."

Nikamweleza yote nimesimama palepale kwenye matuta. Aliweka jembe chini, akakaa juu ya udongo.

"Siku ile nilikutaja," alisema.

"Ulinitaja, mzee."

"Halafu moyo ukaniuma. Nikasema, nimemsingizia mtoto wa watu ili nijiokoe. Nimekuwa nikimwomba Mungu anisamehe kwa ajili yako."

Sijawahi kupigwa na mtu mzima maishani mwangu, lakini maneno yale yalinionyesha inavyokuwa.

Wandera alikuwa amekwisha kufa. Emojong aliniomba jambo moja: niende kwa mke wa Hajji, Busia ya Kenya, nimwambie. "Mimi akiniona anageuza uso," alisema. Nikaahidi.

Sikwenda. Mwaka huu mvua, mwaka ule goti. Mwaka jana tumemzika Emojong. Walikuwepo watu wa ukoo wake na wa kanisa lake. Wa mjini, aliofanya nao biashara, hakuja hata mmoja. Nilitoka makaburini nikavuka mpaka siku hiyo hiyo.

Nilimkuta mke wa Hajji anachambua maharage mlangoni kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti, hakunifukuza.

"Watoto wa Emojong hupita hapa kila siku ya soko," alisema. "Tangu wakiwa wadogo wananiamkia, na mimi sijawahi kuwajibu. Sasa niambie wewe, nitaanzaje kuwaitikia?"

Akarudi kwenye maharage yake.

Wewe unayenisoma, ukipata neno ambalo halikuwa lako, lifie tumboni mwako, hata kama upweke unakula mifupa. Na kama limekwisha kukutoka, ukasikia mwingine anahukumiwa kwa ajili yake, usingoje mvua ipite wala goti lipone. Sema hapo hapo, wakati wale wanaogombana bado wako kwenye laini.